Mama watoto amenifungia mlango: nianzie wapi bila wakili?

Washauri, hamjambo?

Mimi ni baba wa watoto wawili, msichana wa miaka 8 aliye Gredi ya 3 na mvulana wa miaka 4 aliye PP1, darasa la chekechea. Mimi na mama yao tuliishi pamoja miaka 9. Wazee walikutana, mahari kiasi ikatolewa, lakini cheti cha ndoa hatukuwahi kuchukua. Mwaka jana tulikosana, akahamia Kayole na watoto. Mimi nikabaki Umoja katika bedsita ya Sh7,500, maana nyumba ya zamani singeimudu peke yangu.

Ni karani wa stoo Eneo la Viwanda. Mkononi napata kama Sh45,000. Yeye anauza mitumba, na kwa hesabu yangu hakosi Sh27,000 kwa mwezi. Kodi yake ni Sh12,000. Karo ya msichana ni Sh14,000 kwa muhula, ya mvulana Sh9,500. Nimekuwa nikituma pesa kwa M-Pesa kadiri ninavyopata, mara elfu tano, mara kumi, na nyingine nampa mkononi akiniambia mtoto anaumwa.

Mwanzoni nilikuwa nawachukua Jumamosi. Siku hizi nikipiga simu naambiwa, "Leta pesa kwanza." Nikizileta, naambiwa watoto wamelala au wameenda kwa shangazi yao. Nilienda shuleni kuwaona, askari wa lango akanizuia, akasema mama ameacha maagizo.

Marafiki wananiambia nikaze mkono, nisitume hata shilingi hadi aniletee watoto mwenyewe. Mamangu, aliye Busia, anataka shule zikifungwa niwachukue niwapeleke kwake wakasomee huko. Mimi sitaki vita. Lakini nimeanza kuogopa kwamba mvulana atanisahau.

Wakili niliyemuuliza aliitisha pesa ambazo sina. Je, mwanamume ana haki yoyote kwa watoto kama hakukuwa na harusi? Nianzie wapi? Nisimamishe pesa? Na hata nikiruhusiwa, chumba kimoja kitatosha kulaza watoto?

Baba wa Wawili, Umoja

*

Ndugu yetu Baba wa Wawili,

Usisimamishe pesa. Tunaanza hapo kwa sababu hilo ndilo kosa linalowaangusha akina baba wengi, na huwa wamelifanya kabla hawajauliza mtu yeyote. Ukikaza mkono, watakaolala njaa ni wale wawili. Halafu siku mtakapofika mbele ya hakimu, swali la kwanza litakuwa umewatunza vipi tangu muachane, na hutakuwa na jibu. Matunzo ni jambo moja na kuonana na watoto ni jambo lingine. Yeye hana ruhusa ya kukunyima watoto kwa sababu pesa imechelewa, nawe huna ruhusa ya kuzuia pesa kwa sababu umenyimwa watoto. Anayeweka upande wake safi huku mwenzake amekosea ndiye anayesikika vizuri baadaye. Lakini namna unavyotuma pesa ni lazima ibadilike, na tutafika huko.

Kuhusu harusi: haki ipo. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mtoto ana haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana jukumu sawa, wawe walioana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo huhitaji cheti cha ndoa wala kesi ya talaka ili suala la watoto lisikizwe. Unachohitaji ni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto chenye jina lako. Kama jina halimo katika kimoja, lishughulikie mapema. Na ikitokea ubaba wenyewe unabishaniwa, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha DNA.

Elewa pia kwamba sheria hiyo haikupi watoto kwa kuwa wewe ni baba, wala haimpi yeye kwa kuwa ni mama. Kipimo ni maslahi ya mtoto. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilikuwa na mazoea ya kumwacha mtoto mdogo kwa mama isipokuwa kuwe na sababu nzito, na mazoea hayo bado yana uzito, hasa kwa mtoto wa umri wa mvulana wako. Kwa hali uliyotueleza, ukiomba watoto wahamie kwako kabisa pengine utatumia nguvu nyingi upate kidogo. Ombi lenye mashiko ni hili: ulezi wa kisheria muwe nao pamoja, yaani maamuzi makubwa ya shule, matibabu na safari myafanye wawili, watoto waendelee kulala kwa mama siku za shule, nawe uwe na ratiba maalumu ya kukaa nao, ikiwemo nusu ya likizo. Amri za namna hiyo hutolewa mara nyingi.

Sasa pa kuanzia, na hapa wakili hahitajiki. Nenda kwa afisa wa watoto wa Idara ya Huduma za Watoto katika kaunti ndogo wanakoishi watoto. Si yako ya Umoja, ni ya upande wa Kayole. Ofisi ya chifu wa huko itakuelekeza. Huduma hailipiwi. Beba nakala ya kitambulisho chako, nakala za vyeti vya kuzaliwa, risiti za karo ulizo nazo, taarifa ya M-Pesa ya miezi iliyopita, na karatasi moja uliyoandika mwenyewe: mliachana lini, watoto wanaishi wapi, mara ya mwisho kuwaona ilikuwa lini, na unaomba nini. Iwe ukurasa mmoja. Ukifika na maelezo marefu ya nani alimkosea nani kwenye ndoa, afisa atakusikiliza kwa heshima, lakini dakika zako zitaishia hapo na suala la watoto halijaguswa.

Afisa ataandika barua ya mwito kwa mama watoto. Mara nyingine mlalamishi hupewa barua aipeleke mwenyewe. Usiipeleke mlangoni kwake. Omba ipitie kwa chifu au mzee wa mtaa. Baba anayebisha usiku na barua ya serikali mkononi ameshazua ugomvi kabla ya kikao, na wapo walioishia kuandikiwa ripoti polisi kwa jambo hilo tu. Siku ya kikao vaa kawaida, fika mapema, usije na ndugu watano. Mwite kwa jina la heshima, Mama fulani, kama ulivyozoea kumwita mbele ya watoto.

Mkikubaliana, afisa atawasaidia kuandika mkataba wa majukumu ya wazazi. Mikataba mingi huvunjika kwa sababu imeandikwa kwa maneno mapana kama "baba atawaona watoto mara kwa mara" na "atatoa matunzo ya kutosha." Maneno hayo kila mmoja huyatafsiri anavyotaka. Weka saa, mahali, tarehe na shilingi.

Kwa ratiba, tungekushauri uombe kwa hatua. Mvulana wa miaka 4 ambaye hajakaa nawe kwa muda hafai kuanza na wikendi nzima. Mtoto wa umri huo anahitaji kukuona mara nyingi kwa muda mfupi kuliko mara moja kwa muda mrefu. Mwezi wa kwanza, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, bila kulala. Kisha wikendi moja ndiyo, moja siyo, Jumamosi saa tatu hadi Jumapili saa kumi alasiri. Usiombe Jumapili usiku. Kesho yake kuna shule, sare zinataka kupigwa pasi, na wakichelewa kurudi hata mara mbili mama atakuwa na sababu halali ya kulalamika. Likizo za Aprili, Agosti na zile za Novemba na Desemba zigawanywe nusu kwa nusu. Krismasi mpokezane mwaka kwa mwaka. Simu iwe na saa yake, tuseme Jumanne na Alhamisi saa moja na robo jioni baada ya chakula, dakika kumi. Mvulana atazungumza dakika mbili aondoke akacheze. Usidhani ametumwa. Watoto wa miaka 4 ndivyo walivyo kwenye simu, na utafanya vyema ukimwomba akuonyeshe kitu alichochora badala ya kumuuliza "umekula nini."

Mkataba utaje pia nani anaweza kuwachukua kwa niaba yako au yake, kwa majina. Utaje mtasubiriana muda gani mmoja akichelewa. Dakika 45 zinatosha kwa msongamano wa Barabara ya Outer Ring. Useme mtoto akiumwa nini kinafanyika, na ni nani anajulishwa kwanza na hospitali. Useme pasipoti zitawekwa na nani na kwamba mtoto hatoki nje ya nchi bila idhini ya maandishi ya wote wawili. Useme anayehama nyumba au anayetaka kubadilisha shule atamjulisha mwenzake siku 30 kabla. Na useme mkikosana mtafanya nini: kwanza mwandikiane, kisha mrudi kwa afisa, kisha mahakama.

Hatua ambayo akina baba wengi huiruka ni hii: mkataba wa ofisini, hata ukiwa na sahihi na muhuri, ni vigumu kuutekeleza kwa nguvu siku mmoja akiugeuka. Upelekeni katika Mahakama ya Watoto, kwa mfano ya Milimani, mkaombe uidhinishwe uwe amri. Kesi mnayoifungua mkiwa mmeshakubaliana huwa nyepesi na hupunguza gharama. Ukishakuwa amri, anayeuvunja anaidharau mahakama.

Tuje kwenye pesa. Kenya hakuna jedwali la serikali linalosema baba wa mshahara fulani atoe kiasi fulani. Mahakama hutazama mahitaji ya watoto na uwezo wa kila mzazi. Fanya hesabu hiyo mwenyewe kabla hujafika popote, kwa sababu mzazi mwenye karatasi ya hesabu hupunguza ubishi nusu. Kwa takwimu zako, karo ni Sh23,500 kwa muhula. Mihula mitatu ni Sh70,500 kwa mwaka. Ukigawa kwa 12 unapata Sh5,875 kwa mwezi. Nusu ya kodi yake kama sehemu ya watoto ni Sh6,000. Yanayofuata ni makadirio yetu, nawe uyarekebishe: chakula cha wawili Sh9,000, gari la shule Sh3,000, wa kumwangalia mvulana akitoka PP1 saa sita Sh3,000, nguo na sare Sh1,500, dawa ndogondogo Sh1,000. Jumla ni Sh29,375.

Wewe unapata 45,000, yeye 27,000. Katika kila shilingi 72 zinazoingia, 45 ni zako, ambazo ni asilimia 62.5. Sehemu yako ya mahitaji inakuwa Sh18,360 hivi. Lipa karo yote wewe mwenyewe, moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya shule, ukiandika nambari ya usajili ya kila mtoto. Hiyo ni Sh5,875 unayoiweka kando kila mwezi, usiiguse, ili Januari, mwanzo wa muhula wa pili na mwishoni mwa Agosti isikukute mkono mtupu. Sh12,500 zilizobaki mtumie mama tarehe moja isiyobadilika, siku mbili baada ya mshahara kuingia. Utabaki na kama Sh26,600 za kodi yako, nauli na chakula. Ni za kubana lakini unaishi. Kama kiwango hiki kinazidi unachotoa sasa, anza nacho hata kabla ya kikao. Kitazungumza kabla yako.

Pesa za mkononi ziishe leo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mahakamani elfu tano zisizo na maelezo zinaweza kuitwa zawadi, deni la zamani au nauli. Ukituma, fuatisha ujumbe mara moja: "Matunzo ya Juni: chakula 8,000, gari la shule 3,000, dawa na sabuni 1,500." Mtoto akiumwa usiku, lipia kliniki yenyewe kwa nambari yao ya malipo. Kila mwisho wa mwezi chukua taarifa ya M-Pesa kupitia programu ya simu, uihifadhi kwenye barua pepe yako. Simu za Nairobi huibwa. Picha zilizomo hupotea nazo. Usitume kupitia nambari ya rafiki au ya wakala, kwa sababu jina litakaloonekana si lako. Na kwa kuwa unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwenda SHA, bima ya afya ya serikali, piga *147# uhakikishe watoto wote wawili wameorodheshwa kama wategemezi wako, kisha mwambie mama hivyo kwa ujumbe mfupi.

Ikiwa mama ataitwa na afisa asifike, mara ya kwanza na ya pili, omba afisa akuandikie barua inayoeleza kwamba juhudi zilifanyika. Barua hiyo utaiambatisha kwenye kesi. Karatasi za kesi ni maelezo ya madai, taarifa yako kama shahidi, hati ya kiapo, na ombi la amri ya muda ili uendelee kuwaona watoto kesi ikisubiri kusikizwa. Hiyo amri ya muda ndiyo muhimu kuliko zote, maana kesi huchukua miezi na mvulana wako hawezi kusubiri miezi. Kesi hufunguliwa kwa njia ya mtandao wa Idara ya Mahakama, na wahudumu wa masjala wanaweza kukuonyesha jinsi ya kupakia karatasi. Kama ada zinakushinda, unaweza kuomba mahakama ikuruhusu kuendelea kama mtu asiye na uwezo.

Kabla ya kumlipa wakili, jaribu Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria lililoanza 1973, au CRADLE, linaloshughulikia haki za watoto. Ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Wote huchuja, kwa hiyo nenda na karatasi zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Wakikataa kusimama nawe kortini, omba angalau wakusaidie kuandika karatasi ujiwakilishe. Baba anayejieleza kwa utulivu katika Mahakama ya Watoto si jambo geni.

Mahakama inaweza kuwapeleka kwenye usuluhishi ulio chini yake, mpango ulioanza Nairobi mwaka 2016 na ambao muda wake wa kawaida ni siku 60. Msuluhishi hamumlipi ninyi. Mkipelekwa huko, itikia kwa moyo. Makubaliano yake hurudi kwa hakimu yakawa amri. Wengi hufika pale wakitaka kushinda, wakaondoka bila kitu na kusubiri tarehe nyingine.

Shule nayo tuiseme vizuri, maana askari wa langoni alitimiza kazi yake. Shule haijui ugomvi wenu, na ikimtoa mtoto kwa mtu asiyefaa itaulizwa yenyewe. Usirudi pale kubishana. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi, ambatisha vyeti vya kuzaliwa, uombe mambo matatu: ripoti za muhula, kalenda ya mikutano ya wazazi, na nambari yako iwekwe miongoni mwa za dharura. Usiombe kuwachukua. Nenda kwenye mkutano wa wazazi, keti, sikiliza, ondoka. Ukipata amri ya mahakama, peleka nakala iliyothibitishwa, na suala la lango litaisha.

Chumba kimoja? Kinatosha kwa kuanzia. Kabla ya kutoa uamuzi, mahakama huweza kumtuma afisa wa watoto akutembelee na kuandika ripoti, na haji kupima ukubwa wa nyumba. Anatazama watoto watalala wapi, choo na maji vikoje, nani mwingine anaingia na kutoka, nani atawaangalia ukiitwa kazini ghafla, na kama soketi za stima na jiko la gesi ni salama kwa mtoto wa miaka 4. Nunua godoro moja la ziada, shuka na blanketi zao wenyewe, miswaki, ndoo ya kuogea, na pazia zito la kugawa chumba. Binti wa miaka 8 anataka faragha ya kuoga na kuvaa. Mpe nafasi hiyo, ufunge pazia, na azoee kufanya mwenyewe. Nguo chache zao zibaki kwako ili wasije kila mara na mkoba kama wageni. Mtungi wa gesi, kama uko ndani, ukae mbali na mahali wanapolala.

Wakija, usiwanunulie upendo. Baba anayewaona watoto mara mbili kwa mwezi hushawishika kufanya kila Jumamosi kuwa sikukuu ya chipsi na bembea, halafu pesa ya matunzo inapungua na mama anabaki kuwa mzazi wa sukuma wiki na kazi ya shule. Wapike pamoja nawe. Fanyeni kazi ya Gredi ya 3 mezani. Maktaba ya Kaloleni haiko mbali na mnakoishi, na Arboretum inatosha kwa mtoto anayetaka kukimbia. Kama una rafiki wa kike mpya, asiwepo miezi hii ya mwanzo.

Makabidhiano yafanyike mahali pa watu wengi penye mwanga, si kwenye lango la nyumba yake wala stejini. Sehemu ya mbele ya duka kubwa au uwanja wa kanisa lake panafaa. Salamu, mkoba, kwaheri. Habari za pesa zisitajwe pale, na mtoto asitumwe hata neno moja, hata lile la "mwambie mama nitatuma Ijumaa." Wekeni daftari dogo kwenye mkoba wa mvulana: alikula nini, dawa ilipewa saa ngapi, kazi ya shule imefika wapi. Ujumbe wa WhatsApp uwe wa watoto tu, jambo moja kwa ujumbe mmoja, usizidi mistari minne. Ukiwa na hasira usirekodi sauti. Hiyo ndiyo hupigwa kortini.

Msichana atakuuliza kwa nini hamuishi pamoja. Mjibu kweli fupi: "Mimi na mama tulishindwa kuishi nyumba moja. Si kosa lako wala la ndugu yako. Mama ni mama yenu, mimi ni baba yenu, na Jumamosi ijayo nitakuja saa tatu." Kisha uje saa tatu. Mvulana anaweza kulia mkiachana, akakojoa kitandani usiku huo au akagoma kula. Mtoto mdogo huonyesha hivyo anapohama kati ya nyumba mbili, na mama akikuambia usidhani anakusingizia. Mwambie umesikia, muulize nini humtuliza, ukifanye hicho hicho kwako.

Kama kuna kipigo au hatari yoyote kwa watoto, kwa upande wowote, usingoje ratiba. Piga 116, simu ya watoto isiyolipiwa, usiku au mchana. Ukipigwa wewe, 1195, simu ya ukatili wa kijinsia, inahudumia wanaume pia. Na hiyo hofu unayoibeba, ndugu yetu, izungumze na mtu aliyefunzwa: Msalaba Mwekundu wana nambari 1199 ya ushauri nasaha, na kuna kituo cha ushauri cha Amani kando ya Barabara ya Mbagathi. Kukosa watoto ni msiba usio na matanga, na wanaume wengi huupeleka kwenye pombe, wakaja Jumamosi wakinuka, wakapoteza walichokuwa wamekipata kwa shida.

Ukipoteza kazi au mshahara ukishuka, usijipunguzie matunzo kimyakimya. Mwandikie mama wiki hiyo hiyo, na kama kuna amri, omba mahakama iibadilishe. Usipofanya hivyo deni huendelea kukua kana kwamba mshahara haukukatika, na mahakama ina uwezo wa kuagiza makato ya mshahara au hata kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa.

Limebaki la mamako. Mwambie kwa upole kwamba kuwachukua watoto bila idhini na kuwapeleka Busia kungewatoa shuleni, kungemfanya mama yao akimbilie polisi na mahakamani, na wewe ndiye ungeonekana mtu wa kuogopwa. Ila nyanya ana nafasi yake. Omba mkataba utaje wiki moja ya likizo ya Agosti wakae kwake, pamoja na tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, basi watakalopanda na nambari ambayo mama yao atawapigia kila jioni.